Dramu za MIDI zinasikika kwa mbali: kutafuta sauti inapopotelea

Umepata faili la MIDI lenye mdundo mzuri. Umeliburuta hadi kwenye programu yako ya kurekodia, umelipatia plagini ya dramu unayoiamini (programu ndogo inayotoa sauti za ngoma), ukabonyeza kitufe cha kucheza. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inasikika kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Sneya, ngoma yenye nyaya chini, unaiona kwenye skrini kuliko unavyoisikia. Mkono unakwenda wenyewe kwenye fada, kile kitelezi cha sauti. Uzuie kwanza.

Mimi wangu sikuuzuia. Niliwahi kupandisha fada ya dramu hadi ikagota, nikaongeza plagini ya kukuza sauti kwa desibeli 12, nikarusha na kompresa ya kubana sauti juu yake, na nikajiona fundi. Kesho yake nikaingiza mdundo mwingine kwenye traki ileile. Faili hilo la pili halikuwa na tatizo lolote, na dramu zikalipuka kwenye hedifoni hadi nikazivua kwa kuzirusha. Nilipofungua faili la kwanza na kulikagua, nikakuta mwanzoni kabisa, kabla hata ya noti ya kwanza, kuna amri moja ndogo inayosema sauti ya chaneli hii iwe 50 kati ya 127. Basi. Amri ya mstari mmoja, nami nimeipiga vita kwa zana tatu.

Faili la MIDI halibebi sauti hata chembe. Linabeba maagizo: noti fulani ipigwe saa hii, kwa nguvu hii, kwenye chaneli hii. Sauti inazaliwa kwenye plagini, kisha inapita kwenye miksa mpaka masikioni mwako. Kwa hiyo inaweza kupotelea sehemu nne: kwenye nguvu ya pigo lenyewe, kwenye amri za kudhibiti zilizokuja na faili, ndani ya plagini, au kwenye miksa. Kila sehemu ina dalili zake, na dawa ya moja huharibu nyingine. Fada inatibu ya mwisho tu.

Jaribio la dakika mbili kabla ya kugusa chochote

Weka traki ya dramu peke yake kwa kubonyeza solo. Simamisha wimbo. Sasa piga noti namba 36, ambayo kwa plagini nyingi ni kiki, kwa kutumia kinanda cha MIDI. Piga kwa nguvu. Kama huna kinanda, tumia vitufe vya kompyuta, lakini hakikisha programu imevipa nguvu ya 110 hivi, maana vitufe hivyo havijui umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Vinatuma thamani moja iliyowekwa kwenye mipangilio.

Pigo lako likitoka kubwa, na mapigo ya faili yakitoka madogo, plagini na miksa ni nzima. Tatizo liko kwenye nguvu za mapigo yaliyomo kwenye faili.

Pigo lako likitoka dogo pia, fungua traki mpya, weka plagini ileile, usiingize faili lolote, kisha piga tena noti ileile. Traki mpya ikitoa sauti kubwa, ile ya zamani imeachiwa amri ya kudhibiti na faili, au kuna kitu kimeguswa kwenye miksa yake. Traki mpya nayo ikiwa ndogo, geukia mipangilio ya plagini na njia ya sauti kwa jumla.

Jaribio hili linaonekana la kitoto, na ndiyo sababu watu wanaliruka.

Dalili: dramu ni ndogo na pia ni laini, kana kwamba mpigaji anaogopa kuamsha mtoto

Hapa shida ni velositi, yaani nguvu ya pigo. Kila noti ya MIDI ina velositi kuanzia 1 hadi 127. Sifuri ipo, lakini noti inayoanza na velositi 0 huchukuliwa kuwa amri ya kuizima.

Kwenye sinthesaiza nyepesi, velositi ndogo inaweza kumaanisha sauti ndogo tu. Kwenye plagini ya dramu zilizorekodiwa kwa kupigwa kweli, mambo ni tofauti. Waliorekodi sneya waliipiga taratibu, wakaipiga wastani, wakaipiga kwa nguvu, na kila kiwango kikawekwa kwenye tabaka lake. Velositi ndiyo inayochagua tabaka. Pigo la 40 linaleta rekodi ya sneya iliyoguswa kidogo: haina ule mpasuko, nyaya za chini ndizo zinazosikika zaidi ya ngozi. Ukiikuza kwa fada unapata mguso mdogo uliokuzwa, pamoja na vumi la chumba walichorekodia. Haitageuka kuwa pigo kubwa hata ukiongeza desibeli 20. Kwa hiyo sikiliza rangi ya sauti kabla ya kusikiliza ukubwa wake. Ikiwa ni laini na ndogo, shuka kwenye velositi.

Velositi ndogo hutoka wapi? Mara nyingi faili lilipigwa kwenye dramu za kielektroniki ambazo usikivu wa pedi zake uliwekwa chini, kwa hiyo mpigaji alitoa jasho na mashine ikaandika 60. Au lilitolewa kwenye programu ya kuandikia nota, ambako alama za ukubwa wa sauti hugeuzwa kuwa namba: katika MuseScore, kwa mfano, *mf* (nguvu kiasi) ni 80 na *p* (taratibu) ni 49. Mwandishi aliyeweka *p* moja mwanzoni mwa wimbo na akasahau kuibadili amekupa dramu za 49 wimbo mzima. Sababu ya tatu ni faili lililotengenezwa kwa plagini nyingine, ambayo kwayo 75 tayari ni pigo la nguvu. Kwenye plagini yako 75 ni wastani.

Fungua kihariri cha noti na utazame vijiti vya velositi vilivyo chini ya noti. Vikiwa vyote chini ya nusu, umempata mwizi.

Kuna njia mbili za kuvipandisha, na tofauti yake si ndogo. Chukua mdundo huu: kiki 72, sneya kubwa 78, haihati (matoazi mawili ya kanyagio) 45, krashi (toazi la kishindo) 92, na yale mapigo ya sneya ya kunong'ona, mepesi, yanayojaza nafasi kati ya mapigo makubwa, yako 28.

Ukiongeza 33 kwa kila noti unapata kiki 105, sneya 111, haihati 78, krashi 125, na mnong'ono 61. Kwa macho inapendeza. Kwa masikio, mdundo umekufa. Mnong'ono ulikuwa kama theluthi ya sneya kubwa, sasa umezidi nusu yake, umepanda hadi tabaka la mapigo ya wastani, na kila pengo limejaa kelele. Haihati nayo imeanza kukata masikio.

Ukizidisha kwa asilimia 135 unapata kiki 97, sneya 105, haihati 61, krashi 124, mnong'ono 38. Uwiano umebaki ulivyokuwa. Mnong'ono bado unanong'ona. Kwa hiyo tafuta katika programu yako amri ya kuzidisha velositi au kuipima kwa asilimia, na uiache ile ya kujumlisha. Usizichanganye, maana ile ya kujumlisha inaweza kuwa ndiyo iliyo rahisi kuifikia, kwa bahati mbaya.

Angalia dari pia. Hakuna 128. Kama krashi ilikuwa 110 na ukazidisha kwa asilimia 135, itagonga 127, na kila krashi iliyokuwa kati ya 95 na 127 sasa ni 127. Krashi nne mfululizo zenye velositi moja zinasikika kama mashine ya cherehani. Ikiwa mapigo machache yako juu na mengine yote chini, chagua yale ya chini peke yake uyazidishe, ama tumia kielelezo cha velositi ndani ya plagini: ule mchoro wa mstari unaoweza kuupinda juu katikati ukaacha ncha zake mahali pake. Mimi naupendelea mchoro huo pale ninapojua faili litabadilishwa tena na mtu mwingine, kwa sababu noti zenyewe hazijaguswa. Ila ukihamia plagini nyingine, mchoro unabaki nyuma na tatizo linarudi.

Na tafadhali usiweke zote 127 ili "umalize kazi". Nimepokea mafaili ya namna hiyo. Hakuna dawa yake ila kuandika velositi upya, noti kwa noti.

Dalili: mapigo yana ukali wote, lakini yako mbali

Hii ni kinyume cha iliyotangulia. Sneya ina mpasuko wa pigo kamili, krashi inafunguka yote, ila ni kama unazisikiliza kupitia ukuta. Vijiti vya velositi viko juu, 100 na kuendelea. Hapa velositi haina hatia. Nenda kwenye kontrola, yaani zile amri za kudhibiti zilizokuja na faili.

Kontrola namba 7 ni sauti ya chaneli. Kwenye skrini nyingi imeandikwa CC 7. Namba 11, CC 11, ni ya kupandisha na kushusha sauti ndani ya wimbo, juu ya kile kilichowekwa na 7. Zote zinakwenda 0 hadi 127, na kifaa kinachofuata General MIDI, utaratibu wa pamoja wa vifaa vya MIDI, kikianza upya huziweka 100 na 127. Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba 64 ni nusu ya sauti. Kanuni inayopendekezwa na General MIDI inahesabu desibeli kuwa mara 40 ya logi (ya msingi wa 10) ya thamani iliyokwisha kugawanywa kwa 127. Kwa hesabu hiyo 100 inapunguza kama desibeli 4, 64 inapunguza kama 12, 50 inapunguza kama 16, na 40 inafika 20. Tena zinajumlishwa: 7 ikiwa 64 na 11 ikiwa 64, umepoteza desibeli 24 kabla sauti haijafika kwenye miksa. Si kila plagini inafuata kanuni hiyo kwa usahihi, na zipo zisizosikiliza kontrola hizi kabisa. Ndiyo maana faili moja linaweza kuwa sawa kwenye plagini ya rafiki yako na likawa bubu kwenye yako.

Fungua orodha ya matukio, siyo kihariri cha noti. Kihariri cha noti kinaficha haya mpaka ukiombe. Orodha inaonyesha kila kitu kwa mpangilio wa muda, na kontrola za namna hii huwa zimejazana mwanzoni, kwenye baa (kipimo cha mdundo) ya kwanza, hata kabla ya noti ya kwanza. Ukikuta kitu kama "CC 7, thamani 50", kibadilishe kuwa 100, au kifute.

Hapa kuna mtego ulionipotezea jioni nzima. Unafuta ile CC 7, unacheza tena, dramu bado ndogo. Unadhani hukupata sababu. Kumbe plagini ina kumbukumbu: iliambiwa 50, na hakuna aliyeiambia vinginevyo. Kufuta amri si sawa na kuitangua. Itumie amri mpya ya 100, au iondoe plagini uipakie upya, ndipo ujaribu. Na amri ya kurejesha kontrola zote, namba 121, usiitegemee hapa, kwa sababu kwa utaratibu wake haigusi sauti ya chaneli.

Ikiwa kontrola ni safi na dramu bado ziko mbali, tazama kwenye orodha hiyohiyo kama kuna ujumbe wa SysEx, yaani ujumbe maalumu wa kuagiza kifaa chenyewe. Upo ujumbe wa namna hiyo wa kuweka sauti kuu ya kifaa kizima, unaoanza kwa F0 7F na wenye 04 01 ndani yake. Hutaukuta mara nyingi, ila mafaili ya zamani yaliyotengenezewa moduli za sauti za mezani huwa nao.

Dalili: mzunguko wa kwanza sawa, wa pili ni mdogo

Umeweka wimbo ujirudie. Mara ya kwanza dramu zinapiga vizuri. Zikirudi mwanzo zinatoka kwa mbali, au hazitoki kabisa. Au ukianzia mwanzo ni sawa, ukianzia katikati ni ndogo.

Nenda mwisho wa faili. Karibu hakika utakuta CC 7 au CC 11 inashuka ngazi kwa ngazi: 100, 92, 85, mpaka 0. Aliyelitengeneza alitaka wimbo ufifie. Ukirudi mwanzo hakuna amri inayoipandisha tena, kwa hiyo plagini inaendelea na sifuri yake. Ufute mteremko huo, weka thamani moja mwanzoni kabisa mwa traki, tatizo limekwisha.

Kwa lile la kuanzia katikati, kuna mpangilio katika programu nyingi unaoiamuru itazame nyuma na kutuma kontrola ya mwisho iliyopita kabla ya kuanza kucheza. Ukiwa umezimwa, plagini inacheza na chochote ilichoachiwa mara ya mwisho. Uwashe.

Dalili: dramu zimeingia na wimbo mzima kwenye traki moja

Faili la MIDI likiwa la aina 0, vyombo vyote vimo kwenye traki moja na vinatofautishwa kwa namba ya chaneli tu. Dramu kwa desturi ziko kwenye chaneli ya 10. Aina 1 huwa imegawa traki. Ukiingiza la aina 0 na programu ikalazimisha kila kitu kwenda chaneli moja, kontrola za vyombo vingine zinaangukia dramu. Vayolini zilizowekwa 40 ili zikae nyuma ya mwimbaji sasa zimezivuta dramu pamoja nazo. Dalili yake ni sauti ya dramu kupanda na kushuka bila sababu inayoeleweka, kwa kufuata chombo usichokisikia. Tenganisha faili kwa chaneli kwanza, kisha chukua ya 10 peke yake.

Dalili: baadhi ya ngoma zipo, nyingine hafifu au hazipo

Sasa hatuzungumzii tena sauti kwa jumla. Ngoma moja ikiwa nzima na nyingine imepotea, shuku ramani ya noti.

Katika General MIDI, 35 na 36 zote ni kiki, 38 ni sneya ya kawaida, 40 ni sneya ya kielektroniki, 37 ni pigo la fimbo kwenye ukingo wa sneya, 42 ni haihati iliyofungwa, 44 ni haihati ya kanyagio, 46 ni iliyofunguliwa, 49 krashi, 51 raidi. Plagini nyingi zinafuata hiyo, kisha kila moja inaongeza mambo yake. Faili lililoandikwa kwa kiki ya 35 linaweza kuangukia, kwenye plagini yako, kiki ya pili iliyowekwa laini zaidi. Sneya iliyoangukia 37 itatoa kile kigongo kidogo cha ukingoni, nawe utasema "sneya ni ndogo" wakati sneya haijapigwa hata mara moja. Kabla ya kupandisha ngoma, hakikisha ndiyo ngoma unayoidhani.

Usiamini majina ya noti, amini namba. Noti 36 mtengenezaji mmoja anaiita C1, mwingine anaiita C2, kwa sababu hawajakubaliana C ya katikati, namba 60, iitwe C3 au C4. Ukifuata mwongozo wa mmoja ukiwa kwenye programu ya mwingine, mdundo wote unahama oktavo nzima na unapiga vitu vya ajabu.

Haihati ina kisa chake peke yake. Plagini nyingi za dramu hutumia kontrola namba 4 kujua kanyagio limefunguliwa kiasi gani. Faili lililopigwa kwenye dramu za kielektroniki limejaa CC 4, na ikiwa vipimo vya kanyagio lake vimegeuka kinyume na vya plagini yako, haihati iliyokuwa wazi itapigwa imefungwa: fupi, kavu, ndogo. Watu wanaipandisha velositi mpaka 127 na haisaidii. Geuza CC 4, au ifute uache namba za noti zifanye kazi.

Halafu urefu wa noti. Mafaili mengi ya dramu yana noti fupi mno, kijistari tu, kwa sababu kwa kawaida dramu ikishapigwa inalia mpaka mwisho wake. Lakini sampla (chombo kinachocheza sauti zilizorekodiwa) iliyowekwa itii mwisho wa noti itaikata krashi ikiwa bado inafunguka, na kiki itabaki na kile kigongo cha mwanzo bila tumbo. Inasikika ndogo, kwa kweli ni fupi. Rudisha sampla kwenye hali ya kupiga mpaka mwisho, au refusha noti.

Dalili: pigo lako mwenyewe kwenye traki mpya nalo ni dogo

Basi faili limesafishwa jina. Fungua miksa ya ndani ya plagini. Plagini kubwa za dramu zina maikrofoni nyingi: ya ndani ya kiki, ya nje, ya juu ya sneya, ya chini, za juu ya seti, za chumba. Kuna seti zilizopangwa ziwe na za chumba tu, na maikrofoni za karibu zimezimwa. Ni nzuri kwa jazi ya polepole, si kwa mdundo wako. Washa za karibu kabla ya kukimbilia ikwalaiza.

Kisha tazama njia za kutokea. Ukichagua plagini yenye milango mingi ya sauti, kiki inaweza kuwa inatoka mlango wa 3 na 4 ilhali traki yako inasikiliza wa 1 na 2. Unachosikia ni kiki iliyoponyoka kwenye maikrofoni za juu, ndiyo maana iko mbali. Dalili ya uhakika: mita ya ndani ya plagini inaruka, mita ya traki imelala.

Na kuna jambo la kuchekesha. Plagini nyingi zimewekwa kwa makusudi ziache nafasi juu, ili dramu zisipasuke zikijumlika. Kilele cha desibeli 12 chini ya sifuri, kikomo cha juu cha mita, si ugonjwa. Ni adabu.

Dalili: nilinakili traki ili ziwe kubwa, zikawa nyembamba

Hii inawapata wanaosema "nikiweka mbili zitakuwa mara mbili". Sauti mbili zilezile, kwa wakati uleule, zinaongeza desibeli 6. Lakini traki mbili zenye plagini tofauti, au kiki mbili ambazo mawimbi yake yamepishana mwelekeo, zinakulana. Zima moja. Kiki ikiongezeka badala ya kupungua, ushahidi umepata. Geuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi, ya mojawapo, au uachane na nakala. Angalia pia kama faili limeingizwa mara mbili mahali pamoja, noti juu ya noti. Kwenye skrini zinaonekana moja.

Dalili: solo ni kubwa, ndani ya wimbo zinamezwa

Hapo dramu ni nzima. Tazama majirani. Ukiwa umeziweka pamoja na wimbo uliokwisha kufanyiwa masta (ukamilishaji wa mwisho unaokuza sauti), ambao kilele chake kinagusa sifuri muda wote, plagini iliyoachiwa nafasi ya desibeli 12 haina mbio za kushindana. Usipandishe dramu. Shusha wengine wote kwa desibeli 10, kisha pandisha spika za chumba chako.

Ondoa pia limita, zana inayozuia sauti isivuke kikomo, kwenye traki kuu (masta) unapochanganya. Ikiwepo, kila unapoongeza kiki inaubana wimbo wote, na kiki pamoja nao. Unaongeza, haisikiki, unaongeza tena. Mita ya kubana inacheza kama pazia penye upepo, nawe unatazama fada.

Dalili: ndani ya programu ni sawa, faili lililotolewa ni dogo

Sikiliza kama kuna ngoma iliyopungua. Ikiwa kiki na sneya ndizo hafifu, milango ya ziada ya plagini haikujumuishwa kwenye utoaji. Ikiwa zote zimeshuka sawasawa, angalia kama ulitoa kipande kutoka katikati ya wimbo, maana suala la kontrola zilizopita linajirudia hapa pia, na safari hii hakuna mtu anayesikiliza wakati kazi inafanyika. Anza kutoa baa moja kabla, ukiwa umeweka CC 7 ya 100 na CC 11 ya 127 mwanzoni mwa kipande chenyewe. Kisha sikiliza sekunde kumi za mwanzo za faili hilo kabla ya kulituma kwa mtu.